Kitanda Chetu na Redio ya Mzee

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni na spana mkononi, nalia. Wengine wenu mlicheka mpaka jirani akaomba gazeti aone kuna nini. Sawa, chekeni. Ila leo mkifika mwisho mtanihurumia kidogo, ama hamna moyo.

Kwa aliyeingia leo, mimi ni Jepkemboi, msichana wa Kapsokwony, kule mlimani. Niliolewa na Wanjala, kijana wa Bungoma, tukapanga chumba Kitale upande wa Kipsongo. Huko ndiko tulinunua kitanda. Cha mbao, rangi ya kijani, na kelele yake ni ya lango ambalo halijawahi kuonja grisi.

Ukigeuka, kinalia. Ukikohoa, kinalia. Ukikaa tu uvae soksi, kinatangazia ploti nzima kwamba umekaa.

Kitale haikuwa shida kubwa. Mama wa chumba cha pili alikuwa akinisalimia asubuhi, "Sasa, bibi ya Wanjala? Mlilala kweli nyinyi?" Mimi namrushia maji ya vyombo, tunacheka, siku inaanza.

Mambo yaliharibika Wanjala alipopata kazi ya udereva huku Kibabii. Tukahamia kwao, ndani ya simba yake ya ujana, ile nyumba ndogo ya udongo kijana anajengewa kwa boma la baba yake. Kutoka dirisha letu mpaka dirisha la baba mkwe, mzee Wakoli, ukirusha harage linafika.

Na baba mkwe wa Kibukusu, kama hujui, si mtu wa mchezo. Hanipi mkono. Hanitazami usoni. Nikipita na ndoo, anageukia ng'ombe. Siku pick-up ilipoleta vitu vyetu, aliondoka akaenda kukaa kwa jirani mpaka kitanda kikaingia ndani, maana kitanda cha mke wa mtoto wake hapaswi hata kukiona, sembuse kukigusa. Basi fikirieni mtu wa namna hiyo akisikia kitanda chetu.

Hakusema kitu. Aliongeza redio.

Kitanda kikilia, redio inapanda. Kikilia tena, inapanda tena. Mimi nimejilaza mchana kwa sababu kichwa kinaniuma, nageuka upande, naskia bei ya mahindi mpaka ya Uganda. Wanjala anakaa kufungua kamba za viatu, tunaletewa taarifa ya habari. Niliona aibu hiyo mpaka nikaanza kuvaa soksi nikiwa nimesimama.

Wanjala alijaribu kutengeneza mwenyewe. Akapaka mafuta ya kupikia, tukapata siafu. Akapaka sabuni. Akaingiza magazeti kwa viungo, na pengine hadithi yangu ya mwezi uliopita iko humo ndani. Akakaza nati na ile spana mpaka moja ikakatika, na hapo ndipo mlinikuta nikilia.

"Tuite fundi," nikamwambia.

"Fundi? Mimi Wanjala mwanaume mwingine akuje aangalie kitanda yangu? Ati aniulize imeharibikaje? Hapana, bana."

"Si afadhali fundi mmoja aangalie kuliko boma lote lisikilize?"

Mwanaume akikosa jibu hukumbuka ameacha kitu mahali. Yeye alikumbuka ameacha sufuria na meza Kitale. Akapanda gari akaenda.

Sasa sikieni kilichokuwa kinanikosesha raha. Mzee alikuwa amesema Jumapili, baada ya kanisa, atatuonyesha mahali pa kujenga. Kule juu, nyuma ya migomba, mbali na redio. Mzee wa mtaa angekuja, wazee wengine wangekuja, mzee Wakoli angepiga kijiti ardhini mbele yao, na kutoka hapo pangekuwa petu. Nilikuwa nimeshaamua mlango utaangalia mlima, ndio nikiamka nione kwetu.

Sikutaka neno lolote liharibu siku hiyo. Na nilikuwa naogopa kitanda. Niliona wazi wazee wameketi uwanjani, mtoto wa jirani anaingia kwa simba kucheza, anaruka juu ya kitanda, na mzee anaaibika mbele ya watu mpaka anaahirisha.

Kwa hivyo Ijumaa, Wanjala akiwa Kitale na mzee akiwa amepeleka ng'ombe kwa dipu kuogeshwa dawa ya kupe, nikaenda Kanduyi nikamwita fundi anaitwa Ngige.

Ngige akakigeuza kitanda miguu juu. Akanusa.

"Mama, hii kitanda si mbaya. Nani amekaanga mandazi hapa?"

"Shika kazi, Ngige."

"Nauliza tu. Inalia sana?"

"Inalia."

"Saa gani hasa?"

"Ngige!"

"Sawa, sawa. Daktari pia huuliza."

Akakibeba kwa mkokoteni. Jumamosi asubuhi akakirudisha, na mimi nikadhani amenipotezea changu ameniletea cha mtu. Kijani kimekwaruzwa chote, kimepakwa vanishi ya kahawia, kinang'aa. Chini ya kila ubao ameweka kipande cha mpira wa gamboti kuukuu ili mbao zisisuguane. Akakifunga pale pale uwanjani nione kazi yake.

"Kaa."

Nikakaa. Kimya.

"Ruka."

Nikaruka. Kimya. Wacha niwaambie ukweli, nilimkumbatia huyo Ngige, na atakayemwambia Wanjala tutakosana.

Mlango wa simba ni mwembamba, kitanda hakiingii bila kufunguliwa tena. Ngige akashika spana, simu yake ikalia. Mteja wa Kanduyi anapiga kelele kuhusu kabati.

"Mama, nakuja jioni tukiingize. Hakiendi mahali."

Sikujali sana. Mzee alikuwa amekwenda matanga kwa jirani tangu asubuhi, na matanga ya huku hayaishi kabla ya jioni. Nikatandika gunia safi juu ya mbao kuku wasichafue, nikaingia jikoni kumsaidia mama mkwe. Yeye anaitwa Phelista, mwanamke wa maneno machache, na akitaka kukutania hukutania bila kucheka.

"Leo unaimba," akasema.

"Naimba tu, mama."

"Ya kanisa ama ya mlima?"

"Ya mlima."

"Basi imba pole pole. Huku hatujui kama ni furaha ama ni vita."

Tukacheka wote wawili. Bado nacheka hivyo, nikasikia sauti za wanaume langoni.

Mzee Wakoli amerudi. Na nyuma yake mzee wa mtaa mwenye kofia, na wazee wengine wa kanisa wamemfuata.

"Kalibuni, kalibuni," mzee anasema. "Mzee wa mtaa anasema kesho ako na mkutano ingine. Hii maneno ya shamba tumalize leo."

Moyo wangu ulipiga kofi. Leo! Halafu nikakumbuka viti.

Viti vyote vya boma, hata ile benchi ndefu, vilikuwa vimechukuliwa matanga. Uwanjani hapakuwa na kitu cha kukalia isipokuwa kitanda changu, kimetandikwa gunia, kinang'aa kwa jua kama kimewekwa hapo kwa ajili ya wageni.

Mzee wa mtaa akakaa kwanza. Akajisogeza. "Aah. Hapa pazuri. Kuja, Wakoli."

Jamani. Mkaza mwana hampigii baba mkwe kelele. Hamwiti kutoka mbali. Neno langu kwa mzee hupitia kwa mama. Nikageuka kwa mama Phelista nimekodoa macho, naonyesha nje kwa kidole, ulimi umekataa.

"Nini?" akaniuliza.

"Mama... kile... baba anaka..."

Mama akachungulia nje. Akaangalia kitanda vizuri. Akarudi kwa sufuria akakoroga mboga.

"Wazee wamechoka na kutembea," akasema. "Wacha wakae."

Nikajiambia, mama hakijui. Kimepakwa vanishi, hawezi kukijua. Nikageuka tena, na mzee Wakoli alikuwa ameshakaa. Amekaa amepanua miguu, amekalia kitanda cha mke wa mtoto wake mbele ya mzee wa mtaa na wazee wa kanisa.

Kitanda hakikulia. Kilinyamaza kabisa. Siku zote nilizokiombea kinyamaze, kikachagua hiyo.

Ningesema hapo hapo, mambo yangekuwa madogo. Najua. Lakini kichwani nilikuwa naona ule uwanja nyuma ya migomba. Nikawaza, hakuna anayejua. Jioni Ngige atakuja, kitaingia ndani, na mimi nitakufa na siri yangu nikiwa bibi kizee ndani ya nyumba inayoangalia mlima. Nikabeba maji ya kunawa, nikapitisha, nimeinamisha kichwa kama bibi mwenye adabu. Nikamwagia mzee mmoja maji kwa viatu, akaniuliza kama niko na malaria.

Hapo ndipo Wanjala akafika kutoka Kitale, meza kichwani, sufuria zinagongana kwa gunia.

Nikashukuru Mungu. Wanjala atakiona, atamshika baba yake mkono pole pole, watasogea, yataisha. Nikamkazia macho. Nikakunja uso. Nikafanya kila kitu uso unaweza kufanya.

Wanjala akatua meza. Akaangalia kitanda. Akakipapasa.

"Baba, hii kitanda ni moto! Imetoka wapi?"

Akakaa. Kando ya baba yake. Juu ya kitanda chake mwenyewe ambacho ametokwa na jasho juu yake kwa mafuta ya kupikia, na hakukijua. Wanawake, tunaolewa na watu hawa.

"Mimi nimeikuta hapa," mzee akasema. "Hata nilitaka kuuliza."

Kisha mzee, bila kunitazama, akageuza uso upande wa jikoni. "Mama Wanjala! Hii kitanda ni ya nani?"

Mama alikuwa anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Wote wakangoja, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama hapo na birika.

"Ni ya fundi," nikasema kwa kubana sauti. "Ameiacha tu. Anakuja jioni."

Uongo wenyewe huo. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa la kwanza.

Wakainuka, wakapanda nyuma ya migomba. Niliwafuata kwa mbali na wanawake wa jirani. Mzee Wakoli akafuata mpaka wa shamba, akapima kwa hatua, akashika kijiti cha mti mbichi akakipigilia kwa jiwe. Wanjala akavua kofia. Mzee wa mtaa akasema, "Kuanzia hapa mpaka kwa ile jiwe nyeupe ni ya Wanjala na bibi yake. Tumeona sisi wote." Mmoja akaomba, wakaitikia amina.

Nililia. Wakadhani ni furaha, na ilikuwa furaha, ila ilikuwa na mwiba ndani.

Nikarudi mbio jikoni kupakua kuku ambao mama alikuwa amewapikia wageni. Mama Phelista akafunga mlango kwa mguu.

"Msichana wa mlima," akasema. "Fundi wako alipaka vanishi. Lakini hakutoa ile alama ya kuungua kwa mguu."

Birika liliniponyoka.

"Nilikusaidia kuteremsha hicho kitanda kwa pick-up," akaendelea. "Huo mguu ndio nilishika."

"Mama! Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla akae?"

"Nikichungulia, alikuwa bado anapangusa suruali."

"Na ukanyamaza?"

Akakoroga. Akaonja chumvi. Akaweka mwiko chini.

"Jepkemboi, wewe unasikia hiyo ledio kutoka kwa simba. Mimi nalala kando yake. Nimechoka. Nilitaka mpewe hiyo shamba muende huko na kelele yenu, na mimi nilale kama mtu."

Niliangalia yule mama, na yeye akaniangalia, na kwanza tukajizuia, halafu tukacheka mpaka tukashikana mabega. Tangu niolewe hatukuwa tumeshikana hivyo. Mama yangu wa mlimani alinilia siku naondoka, akasema sitapata mwingine huku. Nilitaka kumpigia simu hapo hapo nimwambie nimepata.

"Sasa tunyamaze," mama akasema. "Mzee akijua leo, kijiti kinang'olewa. Hiyo ni mwiko kubwa kwetu. Itatafutwa mbuzi ya kusafisha boma, wazee watakaa upya, yeye mwenyewe ataona haya kutoka nje. Na maneno ya shamba usiisikie tena mpaka asahau. Mzee wangu hasahau."

"Nimenyamaza, mama."

"Na kama ikitoka, mimi sikuwa najua kitu. Sijawahi kumdanganya huyo mzee. Kwa hii boma neno langu ndio ananiamini nalo. Umesikia?"

"Nimesikia. Sitakutaja."

Tukapakua. Kuku wa mzee wa mtaa, kuku wa mzee wa nyumba. Nikawa najisikia mwepesi. Nikafikiria hata namna nitakavyomwambia Wanjala tukishazeeka.

Halafu nikasikia sauti yake uwanjani, sauti ya mwanaume aliyepewa shamba na anataka kumfurahisha baba yake.

"Baba, hii kitanda usiache iende! Kitanda yako imeisha, inabonyea katikati. Fundi akikuja mimi nitaongea na yeye. Hii ilale kwako leo."

"Unasema kweli?"

"Mzee wa mtaa, shika hiyo upande. Inaingia mlango ya baba vizuri."

"Hata mimi naona," mzee wa mtaa akasema. "Leo Wakoli amempa mtoto shamba, mtoto ampe baba kitanda. Imekaa sawa!"

Wazee wakacheka, wakapiga makofi. Mama Phelista akashika ukuta.

"Mungu wangu," akasema. "Mimi nilale kwa kitanda ya bibi ya mtoto wangu? Na mzee kando yangu?"

"Mama, sema nao!"

"Nikisema mimi, ataniuliza kwa nini nilinyamaza akikaa. Sema wewe. Wewe ni mgeni, utasamehewa."

"Na kijiti?"

Macho ya mama yalikuwa yamejaa maji, na mimi sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Kukalia bila kujua, hiyo kuna dawa yake. Kulala juu yake, mume na mke, huku watu wawili jikoni wanajua na wanakula kuku, hiyo sikujua dawa yake, na nadhani hata yeye hakuijua.

"Mama Wanjala!" mzee akaita kwa furaha. "Kuja ufungue chumba!"

Kitanda kilikuwa kimeshainuliwa. Wanjala mbele, mzee wa mtaa nyuma, mzee Wakoli katikati ameshika ubao kwa mikono miwili. Walikuwa wamefika kizingitini.

Nikatoka jikoni. Sikutembea kwa adabu, nilikimbia. Nikasimama mlangoni kwa mzee, mahali ambapo mkaza mwana hasimami hata kwa mvua, nikatandaza mikono.

"Baba, usiingize," nikasema. Kwa sauti. Kwake yeye mwenyewe. "Hicho kitanda ni changu. Ni kile cha simba. Niliogopa, nikadanganya."

Wanjala akaachilia upande wake ukaangukia kidole chake, na hakuskia hata uchungu. Mzee wa mtaa akaweka chini upande wake. Mzee Wakoli akaangalia mikono yake miwili, ile iliyokuwa imeshika ubao. Akaipangusa kwa suruali, halafu akakumbuka suruali ilikuwa imekaa wapi.

Mzee akatuacha hapo, akapanda nyuma ya migomba polepole. Akarudi na kijiti mkononi, udongo mbichi umeshika ncha.

Wanjala akapiga magoti. "Baba, tafadhali. Mimi mwenyewe sikuijua."

"Wewe nimeona hukuijua," mzee akasema. "Wewe ungeniuzia hata kaburi yangu ukisema ni nzuri."

Kisha akanigeukia. Na akanitazama usoni, kwa macho yake yote, mara ya kwanza tangu nivae pete ya mtoto wake. Si macho ya hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kujificha.

"Umesimama hapa ukasema ukweli mbele ya watu," akasema. "Bibi wengi hawangeweza. Kwa hiyo, hii kijiti naweza kuirudisha leo, mbuzi ikapatikana kesho, tukamaliza. Naweza."

"Asante, baba."

"Usishukuru bado. Nilisikia vicheko jikoni. Mtu hacheki peke yake."

Akanyoosha kijiti mbele ya uso wangu.

"Niambie ukweli mara moja tena. Nani mwingine alijua nikikaa?"

Nyuma yangu, jikoni, mwiko wa mama uliacha kukoroga.